Kuchora kwa simu na kulipwa: jinsi ya kuanza biashara ndogo ya sanaa ya kidijitali

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye kuchora anajua tayari. Anachora kwenye simu au kishikwambi, akiweka kazi yake status watu wanamwaga kopakopa, na kila wiki kuna anayemwambia "nichoree na mimi basi" bila kugusia hela. Mifano ni ya Dar es Salaam, soko ninalolijua. Aliye Mwanza au Arusha hatabadilisha kikubwa zaidi ya majina ya mitaa. Aliye Zanzibar ajue kwamba ofisi za usajili na kodi kule ni nyingine. Nitazigusia mahali pake.

Biashara hii mara nyingi haifi kwa sababu mtu hajui kuchora. Inafia kwenye maongezi: bei haikutajwa mapema, marekebisho hayana mwisho, faili limeshaondoka na hela haijaingia. Ndiyo maana vifaa nitavipitia haraka, bei na makubaliano nitakaa navyo.

Hatua ya 1: Chagua kitu kimoja cha kuanza kuuza

Ukiandika "nachora kila kitu" kwenye ukurasa wako, unamwachia mteja kazi ya kufikiria anunue nini. Mpe kitu chenye jina na bei. Kwa soko la hapa, vinavyoulizwa sana ni picha za watu za kupeana zawadi, vielelezo vya vitabu vya watoto, michoro ya tisheti, mialiko ya send-off na harusi yenye sura za maharusi wenyewe, na nembo na vifungashio vya wajasiriamali wadogo.

Mimi ningeanza na picha za zawadi. Hela yake ni ndogo, lakini inatoka mfukoni mwa mtu mmoja. Haisubiri kikao wala saini ya mhasibu. Tena ina misimu: Valentine, Siku ya Mama mwezi Mei, mahafali, Desemba, na send-off ambazo hazijui msimu kwa kuwa watu wanaoana mwaka mzima. Vielelezo vya vitabu vina hela kubwa zaidi kwa kazi moja, ila unaweza kukalishwa miezi ukiisubiri. Nembo ningeziacha kwanza. Siku hizi kila mwenye Canva kwenye simu ni mtengeneza nembo, na utajikuta unashindana kwa bei na mtu anayemaliza kazi kabla chai haijapoa.

Pembeni ya hicho unachouza, lea taratibu mhusika wako mwenyewe. Masoud Kipanya alijulikana kwa katuni za magazetini. Jina hilo la katuni ndilo linalomtambulisha hadi redioni, na alipozindua gari la umeme mwaka 2022 lilikwenda nalo huko pia. Picha ya zawadi unaiuza mara moja. Mhusika ambaye ni mali yako unaweza kumuuza kwenye kibandiko, kikombe, tisheti na kalenda, na kesho ukamuuza tena.

Hatua ya 2: Vifaa

Tumia ulicho nacho. Kwenye simu ya Android kuna ibis Paint X, ambayo toleo lake la bure linatosha kuanzia. Mwenye laptopu apakue Krita. Ni ya bure kabisa, na akiunganisha kibao cha kuchorea cha XP-Pen au Huion, hata kile kidogo, hana kisingizio. Procreate ni nzuri na unailipia mara moja tu, lakini inataka iPad. Usikope kununua iPad kabla hujapata wateja. Hilo nasema kwa msisitizo kwa sababu nimeona marejesho ya mkopo yakimfanya mtu akubali kazi za bei ya kutupa, na bei ya kutupa ukishaizoesha huwezi kuipandisha.

Kitu kimoja usikikwepe: saizi ya turubai, yaani ukurasa unaochorea, kabla hujaanza kuchora. Picha itakayochapwa A3 kwa ubora wa 300 dpi (nukta 300 kwa kila inchi) inahitaji pikseli 3508 kwa 4961. Ya A4 ni 2480 kwa 3508. Ukichora ndogo kisha ukaivuta iwe kubwa, nyusi za mama wa watu zitatoka kama ngazi. Kama simu yako inagoma turubai kubwa, punguza idadi ya leya (tabaka za mchoro), siyo saizi.

Hatua ya 3: Sampuli, kisha watu

Chora sampuli tano au sita kana kwamba umeagizwa: bibi mwenye kanga, mtoto aliyehitimu chekechea, bi harusi, familia ya watu watano, bosi anayestaafu. Zote ziwe za kitu unachouza. Ukichomeka joka la anime katikati ya picha za harusi, mama anayetafuta zawadi ya mdogo wake anahisi amekosea mlango.

Hapa ndipo unapoweza kuwazidi wanaochora kwa kuiga wa nje. Mteja wa Kitanzania anajua kanga inavyokaa: pindo linazunguka pande zote nne, mji uko katikati, jina liko chini ya mji. Ukimwaga maua ovyo kwenye kitambaa ukaita kanga, anaona. Anaona pia kama nywele za twende kilioni zimesukwa kweli au umechora mistari tu. Na ngozi: usitumie kahawia moja kwa familia nzima. Kaa na picha halisi, chukua rangi ya paji la uso, ya shavu upande wa kivuli na ya mkono, utakuta ni rangi tatu tofauti kwa mtu mmoja. Baba mweusi tii na binti maji ya kunde wakitoka rangi moja, picha itarudishwa, na kwa haki.

Wateja wa mwanzo hawatoki mbali. Status ya WhatsApp inakuletea wanaokujua, na wanaokujua wana kamati za harusi. Kisha tafuta watu ambao tayari wako karibu na sherehe: washereheshaji, wapambaji, wapiga picha, mafundi wa keki. Waambie wazi kwamba akikuletea mteja anapata asilimia 10, na umtumie siku hiyohiyo hela inapoingia, bila kukumbushwa. Mpiga picha mmoja anayekuamini anaweza kukuletea kazi nyingi kuliko mamia ya wafuasi wa Instagram.

Kwenye TikTok na Instagram weka video ya mchoro ukikua. Ibis Paint na Procreate zote zinarekodi zenyewe. Video hizo zina faida ya pili: akija mtu kukwambia "si hii ni AI tu, dakika moja?", unamwonyesha mstari wa kwanza mpaka wa mwisho na mjadala unaishia hapo. Usipoteze jioni yako kubishana kwenye maoni.

Hatua ya 4: Bei

Wengi hupanga bei kwa kuangalia jirani anatoza ngapi, na jirani naye alimwangalia mwingine. Anza na hesabu yako. Tuseme unataka kubaki na 600,000 kwa mwezi. Bando, umeme, nauli ya kwenda kwa mchapaji, na akiba ya kununua kifaa kingine hiki kikifa: tuseme 120,000. Jumla 720,000. Sasa, saa ngapi kwa mwezi unachora kazi ya kulipwa kweli? Usihesabu kujibu meseji, kusubiri picha kutoka kwa mteja wala kukatikiwa umeme. Kwa anayeanza, saa 80 ni makadirio ya kiungwana. Gawanya 720,000 kwa 80, unapata 9,000 kwa saa.

Picha ya mtu mmoja ikikuchukua saa tano, ongeza moja ya marekebisho, ni saa sita: 54,000. Andika 55,000. Familia ya watu watano haizidishwi kwa tano kwa sababu mandhari ni moja, lakini pia siyo "ongezea kidogo". Panga nyongeza kwa kila kichwa na uitaje. Usimtajie mteja bei ya saa. Hiyo ni siri ya jikoni. Akiijua atakaa na saa mkononi.

Kama hesabu inakuambia 55,000 na soko lako linalia kwa 30,000, usipunguze bei ya kitu kilekile. Punguza kitu: picha ya kifua kwenda juu, rangi bapa zisizo na vivuli, mandharinyuma ya rangi moja, saa tatu badala ya sita. Mteja wa 30,000 apate cha 30,000.

Bei nyingine kabisa ni ya matumizi ya biashara. Picha ya mama wa mteja ukutani sebuleni ni jambo moja. Picha hiyohiyo ikienda kwenye mfuko wa unga wa lishe unaouzwa madukani, mchoro wako unafanya kazi ya kuuza kila siku. Kabla hujataja bei uliza: itatumika wapi, kwa muda gani, nakala ngapi? Kisha toza kwa hayo, na uandike. Akitaka kuimiliki moja kwa moja na wewe usiitumie tena popote, bei inapanda zaidi, na ana haki ya kuambiwa kwa nini.

Bei ya kishkaji itakuja tu, hukwepi. Kwa rafiki, andika bei kamili kwenye ankara, kisha mstari wa chini punguzo, ili ajue amepewa nini na asiende kutangaza kwamba wewe ni wa 20,000. Kwa shangazi anayekwambia "mwanangu, nichoree, tutaonana", amua mapema: ni zawadi au ni biashara. Ikiwa ni zawadi, mchoree vizuri, mpelekee na fremu, usimdai. Kinacholeta maneno ukoo mzima ni ile ya katikati, umechora kama msaada halafu unanung'unika kama mdai.

Hatua ya 5: Makubaliano ya maandishi, hata kwa 30,000

Huhitaji wakili kwa picha ya zawadi. Unahitaji meseji moja ndefu ambayo mteja ameijibu. Hii hapa, ibadilishe utakavyo:

"Habari za mchana dada. Nimeelewa hivi: picha ya mama, mtu mmoja, mwili mzima, yenye mandhari, saizi A3, faili bila kuchapa. Bei ni 55,000. Naomba 30,000 ya kuanzia. 25,000 utamalizia ukishaiona na kuikubali, kabla sijakutumia faili kubwa. Kesho jioni nitakutumia mchoro wa penseli, hapo badilisha chochote unachotaka. Baada ya kupaka rangi narekebisha mara mbili bila malipo, zaidi ya hapo ni 8,000 kila mara. Itakuwa tayari Ijumaa saa kumi jioni kama ya kuanzia itaingia leo. Ukiafiki niandikie 'sawa'."

Kila sentensi pale ina kazi yake. "Faili bila kuchapa" inazuia lile swali la Ijumaa jioni la "na fremu iko wapi?". Mchoro wa penseli ndio unaokuokoa na marekebisho makubwa. Kugeuza kichwa kwenye penseli ni dakika kumi, kwenye rangi ni nusu siku. Sharti la tarehe kufungwa na siku ya malipo linamfanya anayesuasua alipe, au aondoke mapema.

Advansi ni lazima. Mteja akisema "nitakulipa yote kazi ikitoka", mjibu kwa adabu kwamba unaanza advansi ikiingia, na usianze kweli. Mtu mzima ukimsalimia vizuri, ukamweleza utaratibu kabla hajauliza, hakasiriki. Anayekasirika kwa kuombwa advansi angekasirika zaidi siku ya kumalizia.

Kumwonyesha kazi ili aikubali, mtumie nakala ndogo, upana wa pikseli 1000 hivi, jina lako likipita katikati ya picha kwa wino hafifu. Jina likikaa kwenye kona linakatwa.

Jambo la mwisho hapa: uliza kama unaruhusiwa kuiweka kazi mtandaoni. Sura ya mtu ni taarifa yake, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kwa picha za watoto usiweke kabisa bila mzazi kusema ndiyo kwa maandishi.

Hatua ya 6: Faili na mchapaji

Usitume kazi ya mwisho kama picha ya kawaida ya WhatsApp. WhatsApp inaibana, mteja anapeleka iliyobanwa kwa mchapaji, inatoka na ukungu, na lawama zinakurudia wewe. Itume kama dokumenti, au weka Google Drive umpe kiungo. Faili lenye leya baki nalo. Lina bei yake.

Rangi ndiyo inayowatoa watu jasho. Skrini inatoa mwanga, karatasi inabeba wino. Kijani cha ndimu na bluu kali inayong'aa kwenye simu haipo kwenye wino wa kawaida wa CMYK (rangi nne za uchapaji), itatoka imepoa. Kwa kazi ya kuchapa, mwombe mchapaji akutolee kipande kidogo, saizi ya kiganja tu, kabla hajachapa A3 nzima. Kipeleke nje kwenye jua, usikiangalie chini ya taa ya dukani. Uso ukiwa umeingia wekundu au umefifia, rekebisha wewe faili. Ukimwambia mchapaji "ongeza ongeza kidogo" kila nakala itatoka kivyake.

Kwa tisheti, uliza wanachapa kwa njia gani kabla hujachora. Ile ya sublimation, ya wino unaoingizwa kwenye kitambaa kwa joto, inashika kwenye polyester ya rangi nyepesi tu. Ukimletea tisheti nyeusi ya pamba hakuna kitakachoonekana. DTF, ya kuchapa kwenye filamu kisha kuigandisha kwenye nguo, inakubali pamba na rangi yoyote, na inataka faili la PNG lisilo na mandharinyuma. Skrini ya kuvutia wino kwa mkono ni nafuu kwa tisheti nyingi zenye rangi moja au mbili, lakini kwa tisheti tatu utapoteza. Kariakoo utapata wote hawa kwa kutembea kwa miguu. Nenda na faili moja kwa wachapaji watatu na ulinganishe, na fua tisheti ya majaribio kabla ya kuiuza.

Hatua ya 7: Hela kuingia

Chukua Lipa Namba kwenye mtandao unaoutumia, M-Pesa, Mixx by Yas, Airtel Money au HaloPesa, ili hela ya kazi isichanganyike na ya mboga. Meseji ya malipo usiiamini kwa macho. Wapo wanaotuma meseji iliyoandikwa vilevile kama ya mtandao. Angalia salio lenyewe ndipo uachie faili.

Kwa mteja wa ndani taja bei kwa shilingi. Kanuni za mwaka 2025 zinakataza kutaja na kutoza bei kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma za ndani ya nchi, hata kama mteja wako ni mgeni anayeishi Masaki. Kwa mteja aliye nje, Payoneer inapokea na kukushushia kwenye akaunti ya benki. PayPal kwa Tanzania kwa miaka mingi imekuwa ya kulipa tu, siyo kupokea. Aliye Kenya ana unafuu, kwa kuwa huko imeunganishwa na M-Pesa tangu 2018.

Matapeli wa wasanii wana nyimbo mbili. Wa kwanza anataka kununua picha zako zote kama NFT (hati ya kidijitali ya umiliki) kwa bei ya ajabu, ila ulipie kwanza ada fulani. Wa pili anakutumia hundi iliyozidi bei na kukuomba umrudishie chenji; hundi inakuja kukataliwa wewe umesharudisha. Mteja wa kweli hakuombi umtumie hela.

Hatua ya 8: Usajili, kodi na haki zako

Kazi zikianza kujirudia, jirasimishe. TIN (namba ya mlipakodi) ya TRA ni bure, na unahitaji namba ya NIDA. Jina la biashara unalisajili BRELA kwa mtandao, kisha leseni ya biashara kutoka halmashauri yako. Zanzibar, jina linasajiliwa BPRA na kodi ni ZRA kwa mapato yanayosimamiwa huko. Sajili ukiwa bado mdogo, kwa sababu kampuni au shirika likikutaka litaomba TIN na risiti ya EFD (mashine ya kielektroniki ya risiti) siku hiyohiyo, na kazi nzuri haikusubiri upange foleni.

Mteja wa aina hiyo atakata kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye malipo ya huduma. Ankara ya 400,000 itaingia 380,000. Usigombane; dai cheti cha zuio cha hiyo 20,000, kwa kuwa ni kodi uliyokwisha kulipa na itahesabiwa kwenye hesabu zako za mwaka.

Hakimiliki unayo tangu unapoutoa mchoro, chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999, lakini kusajili kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kunakupa ushahidi siku ukikuta mhusika wako kwenye mkoba wa mtu sokoni Karume. Hilo linakuhusu na wewe: nembo za Simba na Yanga zina wenyewe, vilevile wahusika wa sinema za Marekani. Tisheti za Spider-Man zinauzika haraka, ndiyo, na hazikujengei kitu.

Ukifika mahali pa kuhitaji mtaji wa mashine yako ya kuchapa, kuna mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na kuna Mfuko wa Utamaduni na Sanaa Tanzania unaokopesha wasanii kupitia benki. Kote huko utaulizwa kumbukumbu za mauzo. Daftari la miezi sita lenye tarehe, jina la kazi, kiasi kilichoingia na kilichotoka linakubalika kuliko maelezo marefu, kwa hiyo lifungue siku ile 30,000 ya kwanza ya kuanzia inapoingia.